Nimekutafuta kwa Mashine, Mama

Mama,

Shikamoo. Nimekutafuta kwa mashine ya kutafutia dhahabu, na tafadhali usinicheke.

Ulipotutoka, wakimbizi walikuwa hawajaja. Wakaja, shamba letu la Kanazi likawa ndani ya kambi, nasi tukahamia Nyamigogo kwa mjomba, kaka yako. Tukakuacha peke yako. Miaka yote ile Baba alikuwa akisema, "Mama yenu analinda shamba." Sasa wenzetu wamerudi kwao Burundi, nasi tumerudi, lakini shamba silo. Mgomba hata mmoja hakuna. Msalaba wako uligeuka kuni, na mawe tuliyokupangia yakawa mafiga. Mtoto akilia njaa, nani anauliza kuni zimetoka wapi? Leo nasema hivyo. Siku ile niliwalaani, Mama, nikalia hadi sauti ikakauka.

Baba kifua kinambana. Haogopi kufa, anaogopa kuzikwa mbali nawe. Kila asubuhi alitoka na fimbo yake kulitafuta kaburi lako, akasimama huku akasema ni hapa, akaenda kule akasema hapana, ni hapa. Kisha akakaa chini kwenye umande. Sikuweza kuendelea kumtazama.

Ndipo nikakumbuka jembe. Siku ya kukuzika, Baba alilitoa mpini jembe lako akalifukia juujuu, upande wa kichwa, akasema halitamlimia mtu mwingine. Nikamwomba shemeji Masanja, mume wa mdogo wangu, ile mashine anayozunguka nayo kwenye machimbo ya Biharamulo. Ikipita juu ya chuma, inalia.

Alinifundisha asubuhi moja tu: ipitishe chinichini, taratibu, usiirushe kama unafyeka. Mimi nikawa nafyeka. Ilipolia mara ya kwanza nilichimba kwa vidole. Kifuniko cha kopo la mafuta ya msaada! Baadaye ikatoka kufuli isiyo na ufunguo, halafu spoku za baiskeli. Shemeji akasema, "Shemeji, utafungua duka la vyuma chakavu." Nikacheka naye. Kisha nikatoa kijiko ambacho mtu alikikwaruzia jina mpinini ili kisipotee, nikakifuta udongo, nikashindwa kukitupa.

Juzi ikalia sauti nzito, isiyokatika. Jembe lako, Mama! Kutu imelila, lakini ile kona uliyoivunja kwenye jiwe ukipalilia maharage, ukalitukana lile jiwe kama mtu, ipo vilevile. Nililikumbatia na udongo wake.

Baba alikuja bila fimbo. Akapiga magoti, akakuamkia kwa Kihangaza chetu, halafu akanionyesha kwa mkono mahali pa kumzika yeye, ubavuni pako kulia. Tukaanza kufyeka majani tupasafishe. Chini ya majani palikuwa na tuta fupi, halifiki hata urefu wa mkeka wa mtoto, limezungushiwa vikopo vilivyokitwa midomo chini.

Mtoto wa mtu. Nafikiri msalaba wako ulikuwa bado umesimama. Mama yake aliona mtu mzima amelala hapo, akaona heri amlaze karibu na mtu kuliko porini.

Jirani akasema anaweza kuhamishwa, taratibu zipo. Baba alikaa pale, mkono juu ya lile tuta, na mimi nilijua kwamba kipande kile alikitaka kuliko shamba zima. Hatimaye akasema, "Mwacheni alale. Mimi nitakaa upande wa pili."

Tumekurudishia mawe, Mama, na yeye tumempangia ya kwake. Jina lake hatulijui. Wewe mwite mwanangu, ataitika.

Kwaheri, mama yangu. Pumzika. Nakuahidi nitawapalilia nyote wawili kwa mikono yangu, masika na vuli, ili mama yake akirudi siku moja kumtafuta, asihitaji mashine.

Binti yako,
Adela