Rangi ya Bibi Harusi wa Usevya

Kaka Deo,

Tangu tukuzike nyumbani Mwese, studio yako ya Nsemulwa, pale Mpanda, ninaifungua mimi. Wifi alinikabidhi kamera, zile taa ulizonifundishia, na kile kiroba cheupe cha mchele ulichokipigilia kwenye fremu ya mbao. Watu wanacheka wakiniona nimekibeba kwenye bodaboda. Wacheke tu.

Jumamosi nilikwenda Usevya kupiga video ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, kazi yangu ya kwanza bila wewe. Bibi harusi ni mweusi hasa, mweusi wa kung'aa. Shangazi yake akanivuta pembeni: nimwashie taa kali mbele ya uso atoke mweupe, la sivyo wanamwita mpiga video mwingine. Kaka, nikapiga hesabu. Wangenifukuza pale, habari ingefika Mpanda kabla yangu, na nani tena angeniita?

Nikakumbuka ulivyokuwa unanikoromea: "Taa ikikaa usawa mmoja na kamera, uso unakuwa bapa kama chapati. Isogeze pembeni, ipandishe juu ya macho kidogo." Nikaisogeza. Kiroba nikakisimamisha upande wa pili, kirudishe mwanga kwenye kivuli bila kukimaliza. Taa ndogo nikaiweka nyuma ya bibi harusi, mabega yake yakaachana na pazia. Taa za kijani za ukumbini, zilizokuwa zinambadilisha rangi, nikaomba zizimwe. Shangazi kanuna muda wote huo.

Bibi harusi akaomba kuona. Akaangalia kioo cha kamera, akajishika shavu, akasema taratibu, "Leo ndiyo nimejiona." Shangazi naye akachungulia. Akavuta kiti, akakaa palepale kwenye mwanga, akakiweka sawa kitenge chake, akasubiri na yeye apigwe video.

Natamani ungekuwepo. Ulikuwa fundi, Kaka, na sisemi hivi kwa sababu umekufa. Wenzako walinunua taa kubwa zaidi. Wewe ulikuwa unamtazama mtu kwanza, unamtazama weee, ndipo unagusa swichi. Nimekumiss mpaka inauma. Nikishapanga taa bado nageuka nikuulize, "Hapa vipi?" Halafu nakumbuka.

Pumzika, Kaka. Wifi na watoto wapo, nawaangalia. Na kuhusu kazi yako, nakuahidi hivi: yeyote atakayekaa mbele ya kamera hii, ataondoka na rangi yake mwenyewe.

Mdogo wako,
Anitha