Mume Wangu Hali Kwangu, Lakini Ananenepa

Mshauri wangu, nisaidie kabla sijaaibika zaidi, maana nilipofika sasa hata dukani napita njia ya nyuma. Mume wangu ni fundi wa kushona suti, figo zake zilichoka mwaka juzi, na tangu hapo anasafishwa damu kwa njia ya tumbo hapahapa nyumbani, yaani anaingiza mfuko wa maji ya dawa tumboni kwa mpira mdogo, maji yanakaa saa kadhaa yakivuta uchafu, kisha anayatoa na kuingiza mengine, na kazi hiyo tulikuwa tukiifanya wawili, tunazima feni, tunafunga dirisha, tunanawa na kuvaa barakoa, na mimi nilikuwa naipenda kwa sababu ndio wakati pekee aliotulia nikamweleza mambo yangu.

Sasa miezi hii ya karibuni nikipakua anasema ameshiba, anachota vijiko viwili, anatafuna upande mmoja kama mtu aliyelazimishwa, anasukuma sahani, lakini tumbo na mashavu vinaongezeka, na nikiwa nafua nikakuta suruali yake imepanuliwa kiunoni kwa uzi mpya, kaipanua mwenyewe dukani kimyakimya, nikasema huyu mtu anakula mahali, tena anakula vizuri, na juu ya hayo akawa ananukia karafuu, nikajiuliza ni mwanamke gani huyu anayenukia kabati la viungo. Nikamfuata. Alifunga duka, akaingia kwa dada yake mtaa wa pili, akatoka anafuta mdomo kwa leso. Kesho yake nikaenda kwa wifi yangu, ana wageni, sikusalimu mtu, nikapita moja kwa moja jikoni nikafunua sufuria moja baada ya nyingine, na ya mwisho ilikuwa na nepi za mjukuu wake zinachemka, naye akasimama mlangoni akaniambia, "Pakua, wifi, usione haya."

Tangu hapo wifi hanisemeshi, na mume wangu amehamishia mifuko yake sebuleni, anaitundika kwenye ndoano ya pazia, anabadilisha maji peke yake, anasema hataki mtu wa kumkagua. Kliniki ya wiki iliyopita daktari alisema kipimo cha damu kiko juu, mwili unapambana na uvimbe mahali fulani, na utando wa tumbo hautoi maji ipasavyo, hali ikiendelea hivi huenda akahamishiwa mashine ya hospitali, akamuuliza kama kuna kinachomuuma, akasema hakuna. Mshauri, nimfumanie vipi?

Mke wa Fundi

*

Mke wa Fundi, kaa kitako.

Hakuna wa kumfumania. Nilimuuliza muuguzi wa figo, akacheka kwanza, halafu akanieleza. Maji yale ya dawa yana sukari, ndiyo inayovuta maji yaliyozidi mwilini. Utando wa tumbo la mumeo umekuwa na haraka, unainyonya sukari kabla haijamaliza kazi. Kwa hiyo anahisi ameshiba, ananenepa kwa sukari ambayo haikupita mdomoni, na maji yanayobaki yanamvimbisha. Mwenzio analishwa na mfuko, wewe unafunua nepi za watu.

Ilibaki karafuu. Nikapiga namba uliyoandika kwenye bahasha, ulikuwa umeiacha simu ikichaji, akapokea mumeo. Nikajitambulisha. Akauliza taratibu, "Kwani ameandika?"

"Ameandika. Unakula wapi?"

"Sili popote, mama. Ni jino."

Jino la gego, limeoza, fizi inatoa usaha. Dada yake humpaka mafuta ya karafuu, na mumeo amemwapisha dada huyo asiseme. Daktari alifichwa kwa sababu angempeleka kung'olewa. Nikamuuliza, mtu anayezungukwa na pini kutwa nzima anaogopaje sindano moja?

"Pini naishika mimi," akasema.

Nilimwambia akueleze mwenyewe. Akaniomba nikwambie mimi, kwa kuwa ukisikia kwake utamburuta siku hiyohiyo. Basi nimekwambia, mburute.

Ila mpitishe kwanza kliniki ya figo. Waambieni habari ya jino kabla halijaguswa, maana mgonjwa wa namna yake huenda akahitaji dawa ya kuzuia vijidudu kabla ya kung'olewa. Siwezi kukuapia kwamba jino ndilo lililopandisha kipimo au kuuharibu utando. Muuguzi anasema uvimbe wa mwilini na utando wenye haraka mara nyingi huenda pamoja, na fizi yenye usaha ni mahali pazuri pa kuanzia. Daktari ndiye atakayeamua kama aina ya maji au saa za kuyakalisha zibadilishwe. Wewe usimpunguzie chakula, anahitaji kula.

Kwa wifi yako nenda leo, uombe radhi ukiwa umesimama mlangoni. Alistahimili kudhaniwa vibaya ili kumtunzia kaka yake siri. Ukijaliwa kukaribishwa, kaa sebuleni.

Na kazi ya mifuko mrudie mwenzio. Akibadilisha maji peke yake kwa hasira, siku moja atasahau kunawa, na hapo mtalilia tumbo zima. Akitoka kwa daktari wa meno shavu limekufa ganzi, mpikie uji, umpoozee, umkalie karibu, na usimuulize swali hata moja mpaka mdomo wake uwe na uwezo wa kujibu.