Hita ya Nyanya na Chumba cha Dada Mwihaki

Machakos Mjini,
Jumapili, 10 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Swabra,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta huko Maskati ukiwa mzima, na kwamba mgongo hauumi tena kama wakati wa Idi. Sisi hatujambo. Nyanya ana kikohozi kidogo, maana mawingu bado yamekaa juu ya vilima vya Iveti na baridi haijapungua, lakini anakula vizuri na anakutaja kila siku.

Nimeandika kwa sababu jambo hili ni refu kwa simu. Linamhusu Dada Mwihaki, mpangaji wa chumba chetu cha nyuma, yule fundi wa nguo aliyenishonea sare. Tunatumia naye mita moja ya umeme. Tangu Juni tokeni za umeme tunazonunua zimekuwa zikiisha haraka, na Baba akaamua kwamba yeye ndiye anayezimaliza.

Walizungumzia uani, nami nikianika nguo.

"Mwihaki, stima inaenda wapi?"

"Baba Ruqaya, cherehani yangu ni ya kukanyaga na pasi ni ya makaa. Ama siku hizi makaa inapita kwa mita?"

"Na redio?"

"Redio niko nayo. Basi sema napikia maharagwe na redio!"

Mama alicheka jikoni. Baba hakucheka. Alimwambia ahame mwisho wa mwezi.

Wiki iliyopita Dada Mwihaki alipeleka cherehani yake Kithimani kwa dada yake, akakaa huko akitafuta chumba. Chumba chake hapa kilikuwa kimefungwa, lakini tokeni ziliisha vilevile. Hapo nikakumbuka somo la Mwalimu Peris, anayetufundisha Fizikia: ile taa ndogo ya mita huwaka na kuzimika kwa kasi umeme mwingi unapotumika. Nilizima taa zote, nikachomoa friji na televisheni, kisha nikaenda kuitazama. Bado ilikuwa mbio.

Nilimwita Baba. Alizima swichi za boksi la meni moja baada ya nyingine, nami nikiangalia mita. Alipofikia ya hita ya maji, taa ilitulia. Nikamwomba aiwashe tena. Akaiwasha, mbio zikaanza upya.

Usihuzunike, Shangazi. Hita uliyomnunulia Nyanya ni nzima. Kilichoharibika ni kile kitaa chekundu kilicho kwenye swichi yake ya bafuni. Sote tumezoea kwamba kisipowaka, hita imezimwa, kwa hiyo ilibaki imewashwa na hakuna aliyeizima. Nyanya alipokuta maji ya kutawadhia yana moto, alidhani Mama amemwashia mapema. Mama naye alidhani Nyanya amewasha mwenyewe. Nyanya anasema alikuwa akimwombea Mama dua kila alfajiri kwa wema huo, na kwamba hazirudishi.

Fundi wa stima amebadilisha swichi. Lililobaki lilikuwa zito zaidi, kwa sababu unamjua ndugu yako: akishasema neno, kulitengua ni kazi. Nami sikuona ni adabu kumsukuma.

Jana Dada Mwihaki alirudi kuchukua masanduku yake. Baba alimngojea mlangoni.

"Mwihaki, nilikukosea. Ilikuwa ni hita yetu."

Dada Mwihaki aliweka kikapu chini. "Sasa cherehani yangu iko Kithimani. Nani ataileta, hita?"

"Nitaileta mimi," Baba akasema.

"Kwanza nilale nifikirie. Mtu hahamishwi kama kuku."

Leo asubuhi Baba alikodi pikapu, wakaondoka yeye, Mama na Dada Mwihaki kwenda Kithimani. Hakusema kama atabaki kwetu, Dada Mwihaki. Alisema tu kwamba atajua akifika huko. Walipoondoka nilifagia chumba chake na kufungua dirisha. Sikuambiwa na mtu.

Nisalimie Mjomba Ali, na umwambie binamu yangu Ramzi kwamba namngojea Desemba. Nyanya anakusalimu sana, nami nakubusu mikono. Mwenyezi Mungu akuhifadhi, akupe afya na riziki yenye baraka.

Nakatiza hapa kwa sababu pikapu imefika langoni. Nimechungulia dirishani, na cherehani imo.

Mtoto wa ndugu yako akupendaye,
Ruqaya Zubair