Choo Nilichomchagulia Baba Mkwe

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeosha tailizi tena. Mara ya tatu leo. Fundi Hamisi alisema nisimwage maji siku mbili, nikavumilia moja. Sinki jeupe la kukaa, floti inafunga vizuri, hakuna tone linalovuja. Mume wangu Masanja alitaka la kuchuchumaa, eti rahisi kusafisha na halili maji. Nikamuuliza, baba yako na lile goti atachuchumaaje? Nimeshinda. Nina raha kama mtoto wa sikukuu.

Jumatatu, 11 Agosti
Vibanda viwili vya choo vya nyuma vimebomolewa. Kifusi cha mwisho kimeingia kwenye shimo la pembeni, analotumia baba mkwe. Alisimama na fimbo yake akiangalia. Akasema, "Mama Kulwa, hili mngeliacha tu." Nikacheka. Nikamwambia choo chake sasa kiko ndani, anakaa kama kwenye kiti. Akageuka, akaenda zake. Wazee na mambo yao. Pale nitapanda mchicha.

Alhamisi, 14 Agosti
Bomba kavu tangu jana. Kila anayeingia anamwaga kwa ndoo. Kulwa na Doto wanamwaga maji mengine sakafuni. Ndoo ninayomwekea baba asubuhi naikuta jioni imejaa vilevile.

Alhamisi, 21 Agosti
Baba amekataa chai tena. Ugali anamega matonge mawili, maji hagusi. Jana nimempikia samaki wakavu wa Karema anaowapenda. Ameshiba, anasema. Ameshiba nini? Nimeudhika. Miaka minne namhudumia huyu mzee, leo chakula changu kimekuwa sumu. Nimempigia Masanja, yuko Sitalike na lori, nikalalamika mpaka simu ikapata moto. Akasema nimwache, ni uzee.

Jumapili, 24 Agosti
Baba ameanguka. Asubuhi, kwenye kinjia cha nyuma ya kwa jirani yetu, Mama Shija. Midomo imepasuka, maneno hayaeleweki. Tumempakia kwenye bajaji mpaka hospitali. Ametundikiwa dripu. Daktari akauliza kama mzee anapewa maji ya kunywa. Nikajibu kwa hasira kwamba maji yapo, yeye ndiye hataki. Kwa sauti, wodi nzima ikasikia.

Jumatatu, 25 Agosti
Natamani ardhi inimeze. Mama Shija, Msukuma kama kina Masanja, amenivuta pembeni. Baba alikuwa anaenda kujisaidia kwake kila alfajiri, tangu tulipofukia lile shimo. Mchana aliona aibu kupita na watu wanamwona. Kwa hiyo akaacha kunywa. Akaacha kula. "Mkwe akae alipokaa mkwe wake? Kwetu ni mwiko!" Mama Shija alisema. "Tena mlango uko sebuleni, na wewe umekaa hapo unashona! Nyie wa mjini hamjui kitu."

Kweli sikujua. Nimekulia nyumba ya kupanga hapa hapa Mpanda, choo kimoja watu kumi na wanne, mnapanga foleni na makopo mkononi, baba mkwe wa mtu na mkwe wa mtu. Nilidhani anapenda kile kibanda cha pembeni kwa sababu kiko karibu na chumba chake. Sikuuliza. Na aliponiambia niliache, nilicheka.

Masanja alijua. Amekiri kwenye simu. Alidhani goti litamlazimisha baba kuzoea, na mimi nilikuwa nimeshalipenda sinki. Nimemkasirikia, lakini hasira haifiki mbali. Mdomo uliocheka ni wangu.

Jumamosi, 30 Agosti
Nimeng'oa mchicha wote. Fundi Hamisi anachimba upya, hatua chache kutoka lilipokuwa shimo, upande wa chumba cha baba. Kiti cha kukaa cha tofali na zege, chuma cha kushikia ukutani. Mlango uangalie ukuta wa uani, siyo nyumba. Ardhi ngumu kama jiwe. Nimebeba tofali mwenyewe mpaka viganja vimechubuka. Bado naona ni kidogo.

Jumanne, 2 Septemba
Baba ametoka hospitali. Mdogo wa Masanja amekuja kumchukua ampeleke kwake Kabungu. Nilipiga magoti pale nje ya wodi, nikamwambia baba nisamehe, choo chako kinajengwa, cha peke yako. Akageuza uso. Shemeji akainamisha kichwa. Kumtajia mkwe wangu choo, mchana kweupe, mbele ya mwanawe! Hata kuomba msamaha nimeharibu. "Asante, mama," alisema, akiangalia pikipiki za getini. Wakaondoka.

Jumapili, 21 Septemba
Zege limekauka. Bati limepigwa. Masanja alikwenda Kabungu jana, amerudi peke yake na karanga za Kulwa na Doto kutoka kwa babu yao. Baba anakula. Anakunywa maji. Hakusema atarudi lini, na Masanja hakuuliza.

Jioni nimefagia kinjia cha kwenda kwenye choo chake. Nikaishia mlangoni. Ndani amefagia Masanja.