Kabla Hujampigia Mwenye Trela

Verlin,

Nimekwenda kwa dada. Supu ya maharage iko jikoni, mbwa hajala.

~~Usimpigie yule muuzaji. Trela yake siitaki.~~

Mpigie. Trela ni nzuri kwa kulala kambini: sakafu kavu, kitanda kipana, na pikapu yetu inaivuta bila shida. Tatizo ni wewe, mzee wangu. Asubuhi ulipokuwa ukiirudisha nyuma, nilipiga kelele "Simama!" mara tatu, mgongo wangu umegusa ukuta wa gereji. Ulisimama kwa sababu muuzaji aliruka mbele yako akipunga mikono. Kisha ukaniuliza, "Mbona umenuna?"

Vile vifaa vya kusikia viko kwenye droo, havijatoka kwenye boksi tangu Krismasi. Vivae kwanza. Kila tutakapopiga kambi, atakayesimama nyuma ya hiyo trela ni mimi.

Mkeo