Tanuri la Moshi kwa Ajili ya Mama

S.L.P. 306,
Nyumba ya kona, nyuma ya duka la vipuri.
Jumatatu, 15 Juni.

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Bwana wako naye nasikia siku hizi anakimbia kila asubuhi. Mwambie hata mimi nimekimbia mwezi huu, ila nilikuwa nalikimbilia pipa, kama utakavyosoma. Sisi huku tu wazima. Tumbo langu limeongezeka na nywele zimepungua, kwa hiyo uzito umebaki uleule.

Kwanza nina jambo la kuungama. Kila ulipopiga simu kuuliza kama Mama anakula, nilikujibu anakula vizuri. Nilikudanganya. Tangu tumzike Baba, Mama alikuwa anashinda na vijiko vitatu vya uji na kikombe cha chai anachokiacha kipoe. Ukimwekea sahani anasema, "Nimeshiba," kisha anageukia dirishani. Daktari alimpima akasema hana ugonjwa, ila akizidi kupungua miguu itakataa kumbeba. Niliona haya kukwambia. Mtu aliyelisha bweni zima la shule kwa miaka thelathini, leo anakonda hivyo nyumbani kwangu.

Basi siku moja akasema, bila kuulizwa, kwamba anaikumbuka nyama ya moshi aliyokuwa akiwapikia wanafunzi siku ya kufunga shule. Alisema hivyo tu. Mimi nikadandia hapohapo. Nikaenda kwa Shemeji Cheche, kaka wa mke wangu, yule mchomeleaji ambaye nyusi zake zimeungua mpaka anaonekana mtu wa kushangaa daima. Akanichorea tanuri la moshi kwa chaki sakafuni. Pipa limelazwa, humo inakaa nyama. Sanduku dogo la chuma limeunganishwa ubavuni, humo unakaa moto. Moshi na joto vinapita juu ya nyama na kutokea kwenye bomba la upande wa pili, na mwali wenyewe haugusi kitu.

"Hata wewe utaweza," akasema, na nadhani alikuwa na nia njema.

Pipa nililitafuta mwenyewe, na hapo ndipo kinyaa kilipoanza. Nililipata kwa mtengeneza sabuni, aliyekuwa akihifadhi humo mafuta machafu yaliyokwisha kukaangiwa hotelini. Aliniambia yamebaki kidogo. Cheche alipolikata tukakuta mgando wa rangi ya usaha, mnene kama godoro, umewanasa mende wasiohesabika na panya mmoja aliyelala chali kana kwamba anaota jua. Harufu yake sijui nikueleze vipi. Fikiria soksi ya wiki nzima, kisha fikiria mtu ameikaanga.

Cheche akashusha barakoa yake usoni, akanipa mwiko wa kupigia plasta. "Pipa lako, shemeji."

Nilikwangua siku mbili. Kuna pembe ilibidi niingize kichwa na bega. Mafuta yale yaliniingia kwenye kucha, masikioni, na kwenye hii mikunjo ya shingo ambayo zamani sikuwa nayo. Mke wangu alinipokea kwa kunionyesha bafu la uani, na sabuni akanirushia kwa mbali. Mpaka leo nikinusa kitu kilichokaangwa, nakwenda kunawa tena.

Baada ya hapo tulilijaza kuni tukalichoma mpaka likawa jekundu, maana Cheche anasema hakuna kinachosafisha chuma kama moto. Akaunganisha sanduku na bomba, akatia bawaba na wavu. Alipomaliza akaninyooshea kidole. "Nje fanya utakavyo. Ndani usiguse. Ndani paachie moshi na mafuta ya nyama."

Sasa dada, wewe unanijua. Miaka ishirini na sita napaka rangi mageti na madirisha ya watu. Nilibaki peke yangu na lile pipa, nikafunua, nikaona chuma kitupu, cheusi, chenye mabaka ya kutu, mahali pa kuwekea chakula cha Mama. Mkono ukaniwasha. Nikapiga msasa, nikapaka humo ndani rangi ya fedha ya kuzuia kutu, mara mbili, bila mchirizi hata mmoja. Nakiri nilirudi nyuma hatua mbili nikajipongeza.

Jumamosi ya tarehe sita nikawasha, nikaiacha nyama humo masaa sita. Moshi wa mwanzo ulitoka na kijani kwa mbali, nikasema ni kuni mbichi. Jirani akafunga madirisha, nikasema ana wivu. Nilipofunua, kuta za ndani zilikuwa zimetoka malengelenge, mengine yamepasuka, na nyama yenyewe ilikuwa inameremeta. Nikadhani ni mafuta yake. Nikamkatia Mama kipande cha kwanza, hapo uani alipokuwa ameketi.

Akatafuna mara mbili, akaacha. Akakitoa kwa vidole viwili, akakiweka ukingoni mwa sahani kama mtu anayetoa kupe, akasukutua maji na kuyatema kwenye maua ya mke wangu. Nami nikaonja changu. Niliwahi kumeza thina ya kuyeyushia rangi kwa bahati mbaya kazini, na nakuhakikishia ile thina ilikuwa na ladha nzuri zaidi. Nikatema, ulimi ukabaki kama nimelamba geti. Kipande nilichodondosha mbwa wa jirani alikinusa, akaenda zake kulala.

"Nani kapika hii?" Mama akauliza.

"Mimi, Mama."

"Na nani kakudanganya kwamba hiki ni chakula?"

Tangu msiba sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Cheche, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na sahani yake mkononi, akafunua tanuri, akachungulia, akalifunga polepole.

"Shemeji, ndani umefanya nini?"

"Nimepaka kidogo."

"Kidogo."

"Mara mbili."

Akaweka sahani yake chini. "Na masufuria ya dada yangu huwa unayapaka, au hayo unayahurumia?"

Mama alikuwa ameshainuka, wala hakumngoja mtu amshike mkono. Akatembea hadi kwenye tanuri, akakwaruza ukingo wa mfuniko kwa ukucha, akautazama ukucha, akanitazama mimi. Nikajiona nina miaka saba.

"Miaka thelathini," akasema, "sijamlisha mtoto wa mtu rangi."

Akamwuliza mke wangu kama kuna nyama iliyobaki. Ndipo nikagundua kwamba mke wangu alikuwa ameficha nusu nzima kwenye friji tangu asubuhi, kwa jinsi anavyoniamini. Mama akaingia jikoni, akadai kisu, akakikataa kwa ubutu, akadai kingine. Akaketi kwenye kigoda akakaanga vitunguu huku akitusimanga sote: mimi kwa ujinga, Cheche kwa kuniacha peke yangu na kopo la rangi, na mke wangu kwa vitunguu alivyovikata vinene kama vigae.

Tukabaki tumesimama mlangoni kama wadaiwa. Nyama ilipoanza kulainika akaonja mchuzi, akaongeza chumvi. Akaonja tena, akasema bado. Mara ya tatu, dada, hakuwa anaonja. Alikuwa ameshika bakuli.

Nisamehe kwa uongo wangu wa kwenye simu. Tanuri Cheche amelichukua akalichome upya, na mimi nimepigwa marufuku kulikaribia. Safari hii usiniulize mimi habari za Mama, mpigie mwenyewe. Ila usimpigie saa saba mchana, hapokei. Anakuwa anakula.

Msalimie sana bwana wako, na wale pacha, na Shangazi Miwani ukimtembelea. Mke wangu na Cheche wanakusalimu. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya na riziki, na atukutanishe sote mezani tukiwa wazima.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fundi Brashi.