Kikohozi Katikati ya Wimbo

Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mdogo wangu Kipaza,

Zipokee salamu hizi kwa mikono miwili, maana ni nyingi, na nyingine si zangu. Hujambo? Ule mgongo umetulia, au bado unainua mafriji ya watu peke yako ili wenzako karakanani wakuone mwanamume? Wifi yangu mpe salamu zake kabla hujaendelea kusoma, usije ukasahau kama mara ile. Sisi huku hatujambo. Baba anakula vizuri na analalamika vizuri zaidi. Jana kaniambia chai yangu imepoa kabla sijaimimina.

Najua unaigeuzageuza bahasha hii na kujiuliza Bi Tarehe amepatwa na nini hata aandike barua wakati simu anayo. Sababu ninayo, nitakuambia mwisho. Tafadhali usiruke kurasa. Nakujua.

Unakumbuka kile kipande cha sauti ulichonitumia, cha mtu anayekohoa? Shajara yangu inasema ilikuwa tarehe tatu Machi, na pembeni niliandika: "Kipaza kanitumia upuuzi mwingine. Nimecheka peke yangu kazini, mpima macho kanitazama." Kilikuwa kwenye kile kipande cha video cha mbuzi anayefunua sufuria la jirani, halafu mtu anakohoa na mbuzi anageuka kama aliyefumaniwa. Siku iliyofuata ukanitumia cha bwana harusi anayeulizwa kama amekubali, ananyamaza, na kikohozi kinajibu badala yake. Kisha cha mkuu wa ofisi anayesema kikao kitakuwa kifupi. Mwisho wake ukakifanya kikohozi hicho mlio wa simu yako, na wifi akanilalamikia kwamba nyumba yenu imekuwa kama zahanati.

Wewe ulicheka ukasonga mbele. Mimi, kama kawaida yangu, nikanasa. Nilianza kusoma maoni ya watu. Mmoja alisema huyo ni mwenye nyumba anayepita kuona kama umo ndani. Mwingine akasema, "Huyo si mgonjwa, huyo ana neno." Wakampa jina la Mzee Kikohozi, na kuna msanii anayemchora kila wiki: masikio kama mipini ya kikombe, ndala mbili zisizofanana, na birika la chai kichwani badala ya kofia. Fundi wa matairi aliye mkabala na duka letu la miwani naye amemchora ukutani kwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la mtu, na chini yake ameandika, "Usiegeshe hapa, Mzee anaona." Wateja wanaokuja kupimwa macho huvuka kwanza barabara kupiga naye picha.

Hata lugha yenyewe ilinishughulisha. Ile orodha yetu ya mambo "yanayopigwa" bado ninayo: simu hupigwa, pasi hupigwa, mswaki, miayo, chafya, hata kimya. Lakini kikohozi hakipigwi. Mtu hukohoa tu, au hubanwa nacho. Nikamuuliza mpima macho ni kwa nini. Akanijibu kwamba kuna watu wanaopata mshahara kwa kukata lenzi, si kwa kuuliza maswali. Mzee yule maneno yake ni makali, lakini usimchoke, anakuja kuwa na maana hapo mbele.

Swali lililoninyima raha lilikuwa moja: huyu aliyekohoa ni nani? Kipande hicho kina mwangwi wa chumba, na mwanzoni kabisa kuna mlio wa gitaa unaokatika ghafla. Kwa hiyo kilimegwa kwenye wimbo. Nikautafuta. Nikaupata kwa mkusanyaji mmoja wa santuri anayeweka nyimbo za zamani mtandaoni kwa ajili ya watu wachache wenye ugonjwa kama wake. Ni wimbo wa mapenzi wa kawaida, mtamu, wa bendi ambayo sijawahi kuisikia. Baada ya ubeti wa pili vyombo vyote vinanyamaza kwa pamoja, kimya kabisa, halafu gitaa linatakiwa kurudi. Ni katika kimya hicho, pahali pekee penye kimya katika wimbo mzima, ndipo mtu anapokohoa.

Unajua kazini nikitaka kuihakikisha lenzi huiinua mbele ya nondo ya dirisha na kuisogeza polepole. Nondo ikionekana kukatika pasipostahili, najua pana kasoro. Basi wimbo ule niliusikiliza hivyo hivyo, kidogo kidogo, nikirudi nyuma. Nikahisi kuna kitu baada ya kikohozi, chini ya gitaa linaporejea. Mpima macho alichoka kuniona nimebana simu sikioni. Akafungua droo yake, akatoa hedifoni kubwa za zamani zenye sponji iliyochakaa, akasema ni heri nisikie vizuri mara moja nirudi kwenye mashine. Kumbe naye ni mgonjwa wa muziki miaka yote hii, ameficha tu.

Nikasikia. Baada ya kikohozi kuna sauti ya mwanamke, ya chini, inasema, "Jamani, nisameheni." Na juu yake mwanamume anacheka, kicheko kinachoanzia puani na kushindwa kuzuilika. Nikampa mpima macho naye asikilize. Akavua miwani ili asikie vizuri, usiniulize kwa nini, akasema, "Mzee Kikohozi ni mama wa watu!" Wale wanaokata vipande huishia kwenye kikohozi, kwa hiyo dunia nzima inacheka na mzee ambaye hayupo.

Nikamwandikia mkusanyaji wa santuri. Ni mtu mwema, alinijibu siku hiyohiyo na kunitumia picha ya jalada. Vijana sita wamesimama mbele ya pazia, mashati yao yana kola kubwa kama mabawa ya bata. Wa pili kutoka kulia ameshika gitaa la besi kwa mkono wa kushoto, amelipindua juu chini, kiwiko kimetokeza nje.

Kipaza, kiwiko kile unakijua. Ndicho kilichokuwa kikikugonga ukikaa karibu naye mezani.

Sikungoja kesho. Nilitoka kazini nikaenda moja kwa moja kwa Baba. Lile gitaa lake lisilo na nyuzi lilikuwa pale pale kwenye korido, juu ya msumari, na funguo za nyumba ndani yake kama tulivyozoea. Sikujua nianzie wapi. Niliogopa, kwa sababu kama nilivyoanza kuhisi ndivyo kulivyokuwa, basi ningekuwa namwonyesha Baba jinsi ulimwengu unavyochezea kitu alichokifungia miaka yote. Nikamwonyesha picha ya jalada kwanza. Aliitazama, akauliza kama kwenye duka letu hatuna miwani ya wazee. Nikampa niliyokuwa nayo mkobani. Akavaa, akasema yale mashati aliyashona Mama.

Halafu akaniambia yote, bila kuulizwa tena. Walirekodi katika chumba nyuma ya duka la vifaa vya umeme, kuta zimebandikwa trei za mayai kupunguza mwangwi. Maikrofoni ilikuwa moja tu, katikati. Kiongozi wa bendi aliwapanga kwa kuhesabu hatua: ngoma mbali kabisa mlangoni, tarumbeta zikitazama ukuta, besi karibu. Wimbo ulipigwa mwanzo hadi mwisho kwa pamoja, na mmoja akikosea wote wanarudi mwanzo. Siku hiyo walikuwa wamerudi mwanzo hadi vidole vikawaka moto. Mama alikuwa amekwenda kushona kifungo cha mwimbaji kwa ajili ya picha. Mlango ukafungwa naye yumo ndani, na vumbi la zile trei likamwingia kooni. Baba alimwona akijizuia ubeti wa kwanza wote na wa pili, amejaza kitambaa mdomoni, machozi yanamtoka. Kisha bendi ikanyamaza, ule mnyamazo waliojivunia kuliko kitu chochote.

Kiongozi alitaka warudie. Fundi wa mitambo akamwambia utepe umekwisha na hana mwingine, kwa hiyo ukatoka kama ulivyo. Baba anasema hakufukuzwa kwa sababu ya kikohozi cha mkewe. Alifukuzwa kwa sababu ya kicheko chake. Kiongozi alimwambia achague kati ya kuomba radhi na kuondoka, naye kila akifungua mdomo aombe radhi anacheka tena. Wakaondoka wawili, yeye na gitaa lake, Mama na sindano zake, na nadhani walicheka njia nzima.

Sasa umeshaelewa, lakini wacha niliandike wazi, kwa sababu najua ni nani ninayemwandikia. Tangu ulipoanza kusema umekuwa ukiuliza Mama alikuwa na sauti gani. Alipofariki ulikuwa hujatambaa. Shangazi alikuambia ilikuwa nyembamba, jirani akasema nzito, na Baba ukimwuliza alikuwa akienda kuangalia kama geti limefungwa. Mimi mwenyewe nakumbuka mikono yake na harufu ya kitambaa kipya, sauti sina. Siku uliyohama ulisema picha tunazo tatu, ila sauti hata ya kuita jina hatuna. Tunayo, Kipaza. Umekuwa ukitembea nayo mfukoni.

Nilimwuliza Baba mbona hakutuambia. Akasema alidhani santuri zote zimeshavunjika, na kitu kilichovunjika hakionyeshwi watoto. Ndipo nikamwonyesha yule mbuzi. Alitazama, akanitaka nirudie. Mara ya pili alicheka, kicheko kikaanzia puani, kile kile cha kwenye wimbo, nami sijawahi kukisikia nyumbani kwetu tangu nizaliwe. Akasema Mama angekasirika sana kuitwa mzee, ila yale masikio ya mpini wa kikombe angeyapenda. Kisha akaniagiza nikuambie, na nikuambie vizuri.

Ndiyo maana naandika. Ningekutumia ujumbe, simu yako ingekohoa, nawe ungecheka kabla hujajua ni nani anayekuita. Ndani ya bahasha kuna kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu niliyoibandika kwenye karatasi. Ina wimbo mzima, halafu ile sehemu peke yake, ambayo mpima macho amenisaidia kuisafisha. Kaa chini, vaa hedifoni, mwite wifi akae karibu. Haikuiti jina, nisikudanganye. Inasema maneno mawili tu. Lakini si nyembamba wala si nzito. Nimejaribu mara nyingi kuiandika kwenye shajara nikashindwa, kwa hiyo sikiliza wewe, halafu uniambie.

Baba anakusalimu. Amelishusha gitaa msumarini na kulifuta vumbi, anasubiri nyuzi, na tangu hapo hakuna anayejua funguo za nyumba hii ziko wapi. Mpima macho naye anakusalimu, anasema mlio wako una ladha.

Ukitaka kuubadilisha mlio huo sitakulaumu. Ila ukiuacha, basi simu ikiita uipokee mapema. Usimwache Mama akohoe sana.

Ni mimi dada yako,

Bi Tarehe